Gemu za Utotoni: Ni Nini Hasa Tunachokikumbuka?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaweka kando kidogo malaria, kuhara na lishe ya watoto, mambo ambayo tumeyazungumza mara nyingi, na kugusa jambo ambalo huenda wengine mtaliona dogo. Sisi nasi tulidhani ni dogo mpaka tulipoulizwa.

Baba mmoja wa hapa Bariadi alitusimamisha nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Mwanawe wa miaka 12, alisema, hashikiki. Simu ya mama ikiachwa mezani tu, imechukuliwa. Usiku anaingia nayo chini ya blanketi, na asubuhi anakwenda shule macho yakiwa mekundu na kichwa kizito. Mama anataka simu ile ivunjwe kwa jiwe. Baba anasita, maana yeye mwenyewe alikulia kwenye vibanda vya gemu, na hadi leo akiusikia mahali ule muziki wa gemu ya Mario moyo wake unaruka. "Mimi nilicheza na sikuharibika," alituambia. "Sasa nimkataze mtoto kwa mdomo upi?"

Kisha akashusha sauti. Akasema kwamba hata yeye, nyumba nzima ikishalala, huzitafuta gemu za zamani kwenye simu yake na kuzicheza hadi jogoo wa kwanza. Hapati tena ile raha aliyoipata utotoni, lakini haachi. Akatuuliza: je, huu ni ugonjwa?

Ndugu wasomaji, hayo ni maswali mawili kwa pamoja, moja la mtoto na moja la baba. Tumeona tuyajibu hapa kwa sababu tunafahamu kuwa baba huyo si peke yake.

HAMU ILIYOITWA UGONJWA

Tuanze na hilo la baba. Mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johannes Hofer, katika Chuo Kikuu cha Basel huko Uswisi, aliandika juu ya watu waliokuwa mbali na kwao ambao walikonda, walikosa usingizi, walikosa hamu ya chakula, na hawakupona kwa dawa. Akaunga maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya kurudi nyumbani na jingine lenye maana ya maumivu, akaupa ugonjwa huo jina. Kwa muda mrefu baadaye madaktari wa Ulaya waliuhesabu kuwa ugonjwa kweli kweli, hasa wa askari wa Uswisi waliokwenda kupigana vita vya wafalme wa nchi nyingine.

Sisi Wasukuma na majirani zetu hatuhitaji kufundishwa hali hiyo. Ndugu zetu waliohama na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Katavi na Morogoro wanaijua, na wazee waliokwenda kufanya kazi kwenye almasi ya Mwadui waliijua pia. Mtu anasikia ngoma ya kwao kwenye redio, kijiko kinabaki njiani kabla ya kufika mdomoni.

Leo waganga hawauiti tena ugonjwa. Wataalamu wa saikolojia, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Southampton nchini Uingereza ambao wamelichunguza jambo hili tangu miaka ya 2000, wameona kwamba mara nyingi kukumbuka mambo ya zamani kwa hamu humsaidia mtu. Humwondolea upweke, humkumbusha kwamba aliwahi kupendwa, humpa nguvu ya kuendelea. Aidha waliona kwamba watu hukumbuka hivyo hasa wanapokuwa na huzuni au upweke. Yaani hamu hii ni kama kiu: kiu yenyewe si maradhi, bali inakuambia kwamba mwili umepungukiwa na kitu.

Tena imeonekana kwamba watu wazima hukumbuka kwa nguvu zaidi mambo ya kuanzia kama miaka 10 hadi kwenye ujana. Mambo ya kwanza ndiyo yaliyochimba mtaro mrefu: shule ya kwanza, rafiki wa kwanza, mara ya kwanza kushinda kitu. Ndiyo maana mzee wa miaka 80 anasimulia shikome, ule moto wa jioni ambapo wanaume na wavulana waliketi na kufundishana, na mwanawe wa miaka 40 anasimulia kibanda cha gemu, na kila mmoja anadhani mwenzake alikosa utoto. Wazee wetu walibahatika kuwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, Kisesa, ili ngoma, viti na vyombo vyao visipotee. Vibanda vya gemu havikupata mtu wa namna hiyo, na pengine ndiyo maana vinakumbukwa kwa uchungu zaidi: havina pa kwenda kutazamwa.

VIBANDA VILE

Kwa faida ya akina bibi na babu wanaosoma ukurasa huu, tueleze kidogo hivyo vibanda vilikuwa nini.

Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Baada ya hapo seti za televisheni zikaingia mijini polepole, na nyuma yake zikaja mashine za gemu. Za kwanza wengi walizoziona zilikuwa za kaseti, nakala za bei nafuu za ile mashine ya kampuni ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983. Unachomeka kaseti, ikigoma unaitoa na kuipuliza kwa mdomo, unairudisha. Kuipuliza huko kulikuwa hakusaidii kitu, kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya, na mate yetu yalizidi kuiharibu, lakini nenda kamwambie mtu aliyekuwa na miaka 9 wakati ule! Palikuwapo pia vile vigemu vya mkononi vya betri vyenye matofali yanayodondoka, uzao wa gemu iitwayo Tetris iliyobuniwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov. Baadaye ikaja PlayStation ya kampuni ya Sony, ya kwanza mwaka 1994 na ya pili mwaka 2000. Hiyo ya pili imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, kuliko mashine nyingine yoyote ya gemu iliyowahi kutengenezwa. Ndiyo iliyojaza vibanda vya miji yetu na gemu za mpira wa miguu.

Kibanda chenyewe kilikuwa chumba kimoja cha bati au udongo, mara nyingi jirani na banda umiza la kuonyeshea filamu. Televisheni moja au mbili, benchi, padi mbili zenye nyaya zilizofungwa kwa gundi, umeme au jenereta inayounguruma nje. Mwenye kibanda anakusanya sarafu. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anampisha mwenzake. Watoto 15 wanatazama, wawili wanacheza, na wale 13 ndio wenye maneno mengi.

Kisha simu. Mtandao wa Vodacom ulipoanza nchini mwaka 2000 na mingine ikafuata, gemu iliyofika hata vijijini Meatu na Itilima, pasipo umeme wala televisheni, ilikuwa ile ya nyoka. Iliundwa na mhandisi wa Nokia huko Finland, Taneli Armanto, na ikatoka mara ya kwanza mwaka 1997. Dada zetu wengi gemu yao ya kwanza ni hiyo, kwenye simu ya kaka au ya mjomba. Hili tuliseme wazi. Tunapowasikia akina baba wakisifu vibanda vya gemu, tukumbuke kwamba saa zile dada zao walikuwa kisimani na jikoni. Kumbukumbu tamu ya mmoja mara nyingine ilibebwa na ndoo ya mwingine.

Wala tusijifanye malaika. Wamo miongoni mwetu tunaoandika ukurasa huu ambao sarafu ya sadaka ya Jumapili ilikata kona kabla ya kufika kanisani.

JAMBO LA KUSHANGAZA JUU YA WALIOZIBUNI

Shigeru Miyamoto, Mjapani aliyebuni gemu ya Mario, alikulia kijijini jirani na mji wa Kyoto. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akizunguka peke yake milimani na mashambani, na siku moja akaona pango, akaogopa, akarudi siku nyingine na taa na kuingia. Gemu yake nyingine maarufu, Zelda, ya mwaka 1986, aliitengeneza kutokana na kumbukumbu hizo. Naye Satoshi Tajiri, aliyebuni Pokémon mwaka 1996, alikuwa mtoto wa kukamata wadudu porini. Mji ulipokua na mabwawa na vichaka vikafukiwa, akatamani watoto wa mjini nao waonje raha ya kutafuta wadudu, akawawekea ndani ya mashine.

Mnaona wenyewe. Gemu hizo zilizaliwa na watu wazima waliokuwa na hamu ya utoto wa nje, wa mbio, mapango na panzi. Mtoto wa Bariadi aliyekuwa akifinyanga ng'ombe wa udongo mtoni, akikamata kumbikumbi baada ya mvua, akichimba mashimo chini ya mwembe na kucheza isolo, yaani bao, alikuwa tayari anacho kile ambacho Wajapani hao walikuwa wakikitafuta.

Kwa hiyo tulimwomba yule baba atusimulie siku moja aliyoifurahia sana kibandani. Alisimulia muda mrefu. Alitaja kijana mkubwa aliyekuwa akimwachia zamu yake, harufu ya petroli, rafiki yake aliyekuwa akitangaza mpira kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mvua iliyowafungia ndani hadi jioni, kiboko alichokula nyumbani, na bibi aliyemtetea. Tukamuuliza alishinda mabao mangapi siku hiyo. Hakumbuki! Anachokitafuta usiku kwenye simu ni wale watu, naye anawatafuta ndani ya kioo ambamo hawamo. Ndiyo maana raha haiji.

GEMU YA LEO SI ILE YA JANA

Sasa tuje kwa mtoto. Kosa la baba, na tunalisema kwa upendo, ni kudhani kwamba mwanawe anacheza kitu kilekile alichocheza yeye. Majina yanafanana, lakini yapo mambo matatu yaliyobadilika, na yote yanahusu afya.

La kwanza ni kikomo. Kibandani sarafu iliisha, jenereta ilizimwa, na wenzako walikusukuma utoke. Mwili wa mtoto ulilindwa na umaskini wetu bila sisi kujua. Gemu ya simu haina mwisho. Ukimaliza hatua moja inakupa nyingine, ukiondoka inakutumia ujumbe kukuita, na usiporudi kesho inakunyima zawadi. Mwaka 1998 watafiti huko London walipima ubongo wa watu waliokuwa wakicheza gemu, wakaona ubongo ukitoa dopamini, kemikali inayotusukuma kurudia jambo lililotupa raha. Gemu ya jana nayo iliitoa. Tofauti ni kwamba jana kulikuwa na mtu wa kukuambia "toka".

La pili ni upweke. Mtoto wa leo anaweza kucheza saa 4 bila kusema neno na mtu anayemwona. Ule ugomvi wa zamu, kukubali kufungwa, kucheka aliyefungwa na kesho kuchekwa wewe, vilikuwa shule. Tunakubali kwamba baadhi ya watoto hucheza na wenzao kwa mtandao, na si vibaya, lakini mzazi hawezi kujua mwenzake huyo ni mtoto au ni mtu wa miaka 40.

La tatu ndilo linalotutisha kuliko yote, nalo ni fedha. Kibandani ulinunua muda, ukajua unachopata. Gemu nyingi za leo ni za bure mlangoni, kisha zinamuuzia mtoto masanduku ya zawadi asiyojua yana nini. Na mitaani kwetu, dukani na pembeni mwa vilabu, kuna mashine za sarafu ambazo watoto huziita dubwi. Zina taa na nyimbo na picha za matunda, na mzazi aliyekulia kibandani anazipita akidhani ni gemu kama zile zake. La hasha! Hiyo ni kamari. Gemu ya mpira inamlipa anayejifunza: ukifanya mazoezi unashinda. Mashine ya dubwi haimlipi anayejifunza, imepangwa tangu kiwandani ibaki na sehemu ya fedha zote zinazoingia. Inatoa kidogo, kwa nyakati zisizotabirika, na kutotabirika huko ndiko kunakomfunga mtu, kwa sababu ubongo husubiri kwa hamu kubwa zaidi kitu usichojua kitakuja lini. Sheria ya Tanzania ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2003 inamkataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Ukimwona mtoto mbele ya mashine hiyo, mwenye kosa ni mwenye mashine, nawe una haki ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa au polisi. Msimu wa kuuza pamba, fedha zinapokuwa nyumbani, ndio wa kuangalia zaidi.

MWILI UNADAI NINI?

Akina mama wengi wametuuliza kuhusu macho. Kioo hakichomi macho wala hakipofushi. Kinachotokea ni kwamba mtu akikazia macho husahau kupepesa, jicho linakauka, linawasha na kuwa jekundu, kichwa kinauma. Kila baada ya dakika 20 atazame mbali, hata mlima au mti wa mbali, kwa muda mfupi. Lakini lipo jingine kubwa zaidi: watoto wasiotoka nje mchana wanapata kwa wingi tatizo la kutoona mbali. Mwanga wa mchana unasaidia jicho likue vizuri, na huo Mungu ameutoa kwa ukarimu Simiyu nzima.

Usingizi ndio unaoibiwa kwanza. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi kila siku, kijana saa 8 hadi 10. Mtoto anayezima simu saa 7 ya usiku na kuamka saa 11 alfajiri amelala saa 4. Mwalimu atasema ni mvivu, bibi atasema amerogwa, na kumbe ana usingizi tu. Kwa walio chini ya miaka 2, Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 wasiwekwe kabisa mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 kwa siku. Tunawaona akina mama wakiwapa watoto wachanga simu ili wanyamaze kanisani. Tunaelewa mnavyochoka, lakini afadhali kelele.

Kisha kuna degedege na kifafa. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon kwenye televisheni ilionyesha taa nyekundu na bluu zikipishana kwa kasi sana. Jioni hiyo zaidi ya watoto 600 walipelekwa hospitali, baadhi wakiwa wamepata degedege. Wapo watu wachache, hasa watoto na vijana, ambao ubongo wao husumbuliwa na mwanga unaomweka haraka, na wengi wao hawajui mpaka siku ya kwanza inapotokea. Gemu zinaweza kufanya hivyo, hasa chumba kikiwa na giza na mtoto akiwa amechoka. Mtoto akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, lainisha chini ya kichwa chake, usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Ikizidi dakika 5, mkimbize hospitali. Hata ikikoma mapema, mpeleke apimwe. Kifafa hakiambukizi kwa mate, hakiletwi na jini, na kina dawa ambazo mtu akizimeza kila siku wengi huishi maisha ya kawaida. Tumeshuhudia watoto wakizungushwa kwa waganga mwaka mzima, wakianguka motoni na kuungua, wakati dawa iko kwenye hospitali iliyo jirani nao.

JE, NI UGONJWA AU SIYO?

Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, ambayo imeanza kutumika Januari 2022, na ndani yake umo ugonjwa wa kushindwa kujizuia na gemu. Lakini tusikimbilie kuwabandika watoto wetu jina hilo. Ili daktari auite ugonjwa, mtu awe ameshindwa kujiongoza, kuanza na kuacha viwe nje ya uwezo wake. Gemu iwe imetangulia mbele ya chakula, shule, kazi na watu, naye aendelee hata anapoona madhara. Tena hali hiyo iwe imeharibu maisha yake na kudumu kwa kawaida miezi 12. Wengi wanaocheza gemu hawafiki huko. Mtoto anayelia simu ikichukuliwa ni mtoto tu.

Kwa upande wa watu wazima tutazame kingine. Mtu anayekesha na mambo ya zamani kila usiku, asiyefurahia tena kitu chochote cha leo, aliyepoteza hamu ya chakula au ya mwenzi wake, anayejiona hana thamani, huenda ana sonona, na gemu ni mahali pa kujifichia tu. Hasa wanaume, ambao tumefundishwa kutolia. Sonona inatibika. Aanze kwenye kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu hapa Bariadi, na ikilazimu atapelekwa Bugando, Mwanza. Mtu akisema anatamani kufa, asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

TULIVYOMJIBU

Tulimwambia yule baba, kwanza, asivunje simu, maana iliyovunjwa hununuliwa nyingine kwa siri. Simu zote za nyumbani zilale chumbani kwa wazazi kuanzia saa 2 usiku, pamoja na ya kwake. Hilo la mwisho lilimfanya akune kichwa. Pili, awatafute wale wa kibandani. Yule mtangazaji wa mpira, ilibainika, anaishi Maswa, ni fundi pikipiki, na hawajaonana miaka mingi. Tatu, acheze na mwanawe, kwa zamu, mwenye kufungwa anapisha, mbele ya televisheni sebuleni badala ya chini ya blanketi, kwa muda uliokubaliwa, na mama na binti nao wapewe padi.

Tulimtajia pia Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyezaliwa mwaka 1991 na kufariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15, ambaye Papa Leo wa 14 alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kijana huyo alipenda kompyuta na alikuwa na PlayStation. Inasimuliwa kwamba alijiwekea mwenyewe kikomo cha saa 1 kwa wiki. Mwanawe aliposikia kwamba kuna mtakatifu aliyecheza PlayStation alitaka kujua kwanza alikuwa akicheza gemu gani, kisha akalalamika kwamba saa 1 kwa wiki ni kidogo mno. Walipatana saa 1 kwa siku za Jumamosi na Jumapili, na siku za shule hakuna.

Tulikutana naye tena kabla ya kuandika ukurasa huu. Wiki ya kwanza ilikuwa mbaya. Mtoto alinuna, alikataa chakula mara 2, na usiku mmoja alikutwa akinyata kuelekea chumbani kwa wazazi. Baba naye aliamka mara nyingi akaipapasa simu, akakuta mama ameilalia. Sasa mtoto analala kabla ya saa 3. Fundi wa Maswa alikuja Jumamosi moja na pikipiki yake, wakakaa kwenye benchi watu wazima wawili na watoto sita, na mtangazaji hajasahau kazi yake. Baba alifungwa mabao manne na mwanawe, akampisha.

Mwezi ujao tutarudi kwenye lishe: viazi lishe na macho ya watoto.